Vigae vya kweli, chumba cha kubuni

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naishi Muscat, wazee wangu wametoka Unguja. Ami yangu ametundika majlisini nakala kubwa ya picha ya mlinzi mweusi aliyesimama mbele ya mlango wa kasri, kashika mkuki, kavaa hariri, kila kitu kinang'aa. Anasema hivi ndivyo walivyoishi wakubwa wetu. Chuoni nimeonyeshwa picha ya aina hiyohiyo, ya mtoto aliye uchi anayecheza na nyoka, tukaambiwa wachoraji hawa walikuwa wakiitukana Mashariki. Nilipomweleza ami akakasirika, akasema Mzungu aliyechora kigae kwa kigae hawezi kuwa mwongo. Nani mkweli? Waliviona kweli walivyovichora?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ami yako amekosea, lakini amekosea mahali penyewe hasa. Ametaja kigae, nami nitaanzia hapohapo.

Picha mliyoonyeshwa chuoni ni ya Mfaransa Jean-Léon Gérôme, aliichora yapata 1879. Iko Marekani, katika makumbusho ya Clark, mji wa Williamstown. Wanaoijua kwa nakala huidhania kubwa, kumbe upana wake ni sentimita 120 hivi. Mtoto wa kiume amesimama uchi juu ya zulia dogo, ametupa mgongo, chatu kamzunguka kiwiliwili. Kando yake mzee anapuliza filimbi. Mbele yao wamekaa wanaume wenye silaha, wameegemea ukuta na kukodoa macho. Ukuta huo ndio unaomshika mtu: vigae vya buluu, maua, mashada, na juu yake mstari mrefu wa maandishi ya Kiarabu.

Vigae hivyo vipo kweli. Ni kazi ya mafundi wa Iznik, mji wa Uturuki, na vinaonekana Istanbul mpaka leo katika kasri ya Topkapi, iliyokuwa makao ya masultani wa Uthmaniya. Gérôme aliufika mji huo zaidi ya mara moja, na alitumia pia picha za kamera za ndugu wa Kiarmenia waliojulikana kama Abdullah Frères, wapigapicha wa sultani. Ami yako akienda Topkapi na nakala mkononi ataoanisha ua kwa ua.

Sasa mwambie aondoe macho ukutani awatazame watu. Kucheza na nyoka ulikuwa mchezo wa mitaa ya Misri. Haukuwa desturi ya Waturuki, sembuse ndani ya kasri ya sultani. Wale watazamaji wamevaa nguo na silaha za makabila na nchi mbalimbali, mkusanyiko ambao ungeupata kwa urahisi katika sanduku la mavazi la studio ya Paris kuliko katika baraza yoyote ya Istanbul. Na mtoto wa watu kuvuliwa nguo chini ya aya ya Qurani, hilo wewe sihitaji kukueleza.

Kwa hiyo Gérôme hakudanganya kwenye kigae. Alidanganya kwa kigae. Umewahi kumsikia shahidi anayekutajia rangi ya mlango, idadi ya ngazi na mahali paka alipolala, yote sawasawa, hata akifika kwenye tukio lenyewe huna tena moyo wa kumuuliza? Ndivyo picha hii inavyofanya kazi. Alilainisha rangi mpaka alama ya brashi ikapotea, ukidhani hapana mtu aliyechora, umefungua dirisha tu ukaona. Mwanahistoria wa sanaa Linda Nochlin, katika makala yake ya 1983, aliliona jambo jingine ninalowafundisha wanafunzi wangu kila mwaka: katika picha hizi Mzungu hayumo. Hayumo kwa sababu amekaa hapo ulipo wewe unayetazama. Watu wa ndani wanamtazama mtoto, na sisi tunawatazama wao wakimtazama.

Picha hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye jalada la "Orientalism", kitabu cha msomi Edward Said kilichotoka 1978 kueleza jinsi Ulaya ilivyojibunia Mashariki yake, na ndiyo sababu walimu wenu wanaipenda. Said mwenyewe alishughulika zaidi na waandishi na wanazuoni, wale Wazungu wanaochunguza Mashariki, ambao masheikh wetu huwaita mustashrikina. Hoja ya picha ilikuja kujengwa na wengine baada yake.

Nochlin alivitazama pia vigae vilivyobanduka ukutani, akaona lawama ya kimyakimya: watu wavivu, wanaiacha mali ya babu zao ioze. Huenda. Mimi nadhani vigae vilivyobanduka ni ukweli mwingine uliotumiwa vibaya. Mwaka 1856 Sultani Abdülmecid alihamia Dolmabahçe, kasri mpya ukingoni mwa Bosporus yenye mataa makubwa ya vioo kwa mtindo wa Ulaya. Topkapi ilikuwa nyumba iliyohamwa. Na nyumba iliyohamwa hubanduka, hata ya sultani. Tangu 1829 maofisa wa dola walikuwa wameamriwa kuacha kilemba na kuvaa tarbushi, na ufikapo mwaka wa picha hii ofisa wa Istanbul alikuwa mtu wa koti refu jeusi na telegrafu mezani. Gérôme aliyajua hayo yote. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869 alikuwa miongoni mwa waalikwa. Hata hivyo, katika picha zake mashuhuri hutaona moshi wa meli. Mnunuzi wa Paris alikuwa na moshi wa kutosha nyumbani kwake, alitaka mahali ambapo saa imesimama. Naye Gérôme alilijua soko, maana baba mkwe wake alikuwa Adolphe Goupil, mfanyabiashara mkubwa wa picha aliyeuza nakala za kazi zake kwa watu wasioweza kununua turubai lenyewe. Nakala ya majlisini kwa ami yako imezaliwa katika ukoo huo.

Umeuliza kama waliviona walivyovichora. Wengine hawakutoka hata mlangoni. Mfaransa mwingine, Ingres, aliyefariki 1867, hakufika Mashariki maisha yake yote. Picha yake ya 1814 iliyoko makumbusho ya Louvre, Paris, inaonyesha mwanamke uchi amelala ubavu, kilemba kichwani, pepeo la manyoya ya tausi mkononi. Imeitwa "Odalisque", neno walilolitoa kwenye Kituruki odalık, ambalo mzizi wake ni oda, chumba, na maana yake haizidi mtumishi wa chumbani. Mgongo wake ni mrefu mno, wahakiki wa siku zile walimhesabia pingili tatu za ziada. Mwanamke ambaye hayupo hata mifupa yake si ya binadamu.

Akiwa na miaka 82, Ingres alikamilisha picha ya duara ya hamamu ya Kituruki, ya 1862, iliyojaa wanawake uchi wamesongamana kama dagaa. Nimeitazama mara nyingi nami bado sijaona mtu anayeoga. Chanzo chake ni barua za Mwingereza Lady Mary Wortley Montagu, aliyeingia hamamu ya wanawake Sofia mwaka 1717, enzi za Uthmaniya. Barua hiyo ina jambo ambalo Ingres hakulichora. Lady Mary anasifu adabu ya wanawake aliowakuta, kwamba hakuona kicheko kibaya wala ishara ya utovu wa haya. Walimbembeleza avue nguo naye, na alipofungua kifua wakaona kizibao kigumu kilichofungwa kwa kamba, wakaamini mumewe ndiye aliyemfungia mle ndani. Fikiria: wanawake wa Mashariki wakimwonea huruma Mzungu kwa kufungwa na mumewe! Ingekuwa picha nzuri. Ingres akachukua miili, akaziacha akili.

Ukienda Unguja tembelea hamamu ya Kidichi, ambayo Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi katikati ya karne ya 19, kisha pita Hamamni pale Mji Mkongwe, iliyojengwa enzi za Barghash. Utaona vyumba vya moto, vyumba vya baridi, na mifereji ya maji. Ni mahali pa kujisafisha.

Delacroix, naye mchoraji Mfaransa, ni mtu mwingine. Mwaka 1832 alifuatana na ujumbe wa Ufaransa kwenda kwa sultani wa Moroko, na hapo kuna kichekesho ambacho hutajwa kwa nadra: Tangier iko magharibi ya Paris, ukitazama ramani. "Mashariki" kwao haikuwa upande wa dira. Safari hiyo ilikuwa ya siasa. Ufaransa ilikuwa imeivamia Algiers 1830, na ilitaka Moroko isiingilie. Wakati wa kurudi Delacroix alikaa Algiers siku chache, akaruhusiwa kuingia ndani ya nyumba moja na kuwachora wanawake. Nani angemfungulia Mzungu mlango wa ndani kama askari wake hawakuwa barabarani? Picha ya 1834 iliyotokana na ziara hiyo ni nzuri, siwezi kukudanganya. Wanawake watatu wameketi katika mwanga wa jioni, wamevaa nguo zao, na wa nne, mtumishi mweusi, ametupa mgongo anaondoka. Katika michoro yake ya awali aliandika majina ya baadhi yao. Turubai lilipokamilika Paris yakatoweka, wakabaki "Wanawake wa Algiers". Likumbuke hilo la majina.

Mashahidi wa ndani walikuwepo, ila hawakutafutwa. Mmoja ni wa kwenu. Sayyida Salme binti Said alizaliwa Unguja 1844, akakulia kasri ya Mtoni na Beit al-Sahel, nyumba ambazo kwa lugha ya Paris ni "haremu" halisi. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, mtu wa milima ya Kaukasi, suria wa Sayyid Said. Tunalo neno hilo, suria, na yeyote aliyekulia pwani anajua uzito wake: mtumwa, lakini mtoto aliyemzalia bwana wake ni huru na ana nasaba kamili. Salme, mtoto wa suria, alikuwa binti mfalme. Uchungu na heshima vimefungwa pamoja katika neno hilo, na hakuna "odalisque" hata mmoja anayebeba kimojawapo.

Salme aliondoka Unguja 1866, akaolewa na Mjerumani, na 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Ndani yake anawalaumu wasafiri wanaokaa wiki chache Istanbul, Misri au Tunis kisha wanaandika kitabu kinene juu ya maisha ya Mashariki, ilhali nyumba za watu hawakuzikanyaga na habari zao wamezipata kwa wahudumu wa hoteli na vijana wa punda. Nyumba anayoieleza yeye ina watoto wanaosoma Qurani, wanawake wanaoshona, wanaopanda farasi na punda, wivu, njama na maradhi. Yeye mwenyewe alijifunza kuandika kwa siri, akinakili aya juu ya mfupa wa bega la ngamia. Hebu nitajie mchoraji wa Paris aliyechora msichana wa haremu anayejifunza kuandika.

Kuna mwanamke Mfaransa aliyejaribu, Henriette Browne. Aliingia haremu ya Istanbul, akaonyesha picha yake Paris 1861: wanawake waliovaa mpaka miguuni wanapokea wageni, ukumbi mtupu, kimya, watoto miongoni mwao. Baadhi ya wahakiki walivunjika moyo. Walikuwa wamezoea za Ingres.

Nisije nikaeleweka kwamba kila ubaya uliochorwa umebuniwa. Utumwa haukubuniwa. Soko la Unguja lilifungwa 1873, na wazee wetu walikuwa pande zote mbili za soko lile, wengine walinunua na wengine waliuzwa. Gérôme ana picha ya 1866, iliyoko Clark pia, ya mwanamke mweupe aliyevuliwa nguo uani huku mnunuzi akimtia vidole mdomoni kukagua meno. Watu waliokuwa wakiuzwa Misri wakati ule, wengi wao walikuwa Waafrika. Lakini mwili uliouzika katika maonyesho ya Paris ulikuwa mweupe, na mtazamaji alipewa vitu viwili kwa bei ya kimoja, kuutamani na kuwalaani wanaouuza. Hakukumbushwa kwamba Ufaransa ilikomesha utumwa katika makoloni yake 1848, miaka 18 tu kabla ya rangi hiyo kukauka. Na picha haijazeeka: mwaka 2019 AfD, chama cha mrengo wa kulia cha Ujerumani, kiliibandika kwenye mabango ya uchaguzi wa Bunge la Ulaya kuwatisha watu juu ya Waislamu. Clark wakalalamika, lakini hawakuwa na haki ya kisheria ya kuzuia. Turubai la miaka 150 bado linapiga kura.

Sasa nije kwa ami yako, ambaye nadhani anangoja.

Kwa maelezo yako picha yake inaelekea kuwa ya Ludwig Deutsch, au ya mtu aliyemuiga. Deutsch alizaliwa Vienna 1855, akaishi Paris, akaenda Misri mara kadhaa na kurudi na vitu: silaha, vitambaa, meza zilizonakshiwa lulu. Alichora walinzi wa Kinubi wengi, na ukiziweka picha zake kadhaa pamoja unaanza kuvitambua vyombo vilevile vikihama kutoka kasri moja hadi nyingine, kama sinia la harusi linaloazimwa mtaa mzima. Ufundi wake ni mkubwa. Ukitaka kujua jinsi kitambaa kilivyofumwa Cairo wakati ule, Deutsch atakusaidia kuliko vitabu vingi.

Hiyo ndiyo sababu wanunuzi wa Ghuba wanazitafuta, na siwacheki. Qatar imekusanya moja ya hazina kubwa kabisa duniani za picha hizi kwa ajili ya Lusail Museum. Si jambo jipya pia. Ile hamamu ya Ingres iliwahi kumilikiwa Paris na Khalil Bey, mwanadiplomasia wa Uthmaniya mzaliwa wa Misri, na korti ya Sultani Abdülaziz ilinunua picha kutoka duka la Goupil lilelile. Mtu asiye na picha ya babu yake huchukua iliyopo. Kwa watu ambao mila yao haikupenda kuchora sura, mchoraji mgeni ameacha kanzu, majambia, taa za misikiti na milango ambayo mingine imeshabomolewa. Hasira ya ami ina haki yake: anaogopa kunyang'anywa kitu kizuri pekee alichonacho cha zamani.

Kama angetaka kingine cha kutundika kando, ningempendekezea Osman Hamdi Bey. Huyu alikuwa Mturuki, alisomea uchoraji Paris, akarudi Istanbul akasimamia makumbusho ya dola tangu 1881, na akasukuma sheria ya 1884 iliyozuia mambo ya kale kubebwa kwenda Ulaya. Alichora kwa mkono uleule wa Paris, vigae vilevile, mazulia yaleyale. Ila watu wake wana shughuli. Wanasoma, wanajadiliana, wanapiga ala. Ana picha ya 1880 ya mwanamke kijana aliyejilaza, mkao wa odalisque kabisa, isipokuwa amevaa nguo zake zote na macho yako kitabuni. Hana habari na wewe. Simfanyi malaika, kwani bwana huyu wa koti na tarbushi naye alipenda kujivika majoho ya zamani, akapigwa picha, kisha akajichora humo. Ugonjwa wa kuitamani jana haukuwa wa Wazungu peke yao.

Kwa hiyo picha ya majlisini ibaki pale. Mimi nisingeitoa. Ila ami anasema hivi ndivyo walivyoishi wakubwa wetu, na hapo ndipo ningemsimamisha. Mwangalie tena yule mlinzi. Katika picha hizi mtu mweusi ana mahali pake: mlangoni na mkuki, nyuma na sinia, au kama yule towashi wa Ingres katika picha ya 1839, amesimama mbali akingoja. Anang'aa kuliko mlango wenyewe, na hana jina. Nyinyi ni watu wa Unguja mnaoishi Muscat. Damu ya nyumba kama zenu inajua pande zote mbili za mlango ule. Muulize ami, kwa adabu, alipomtazama mlinzi huyo mara ya kwanza dukani alimhesabu kuwa nani: mkubwa wetu, au mlinzi wa mkubwa wetu?

Muulize baada ya kahawa, si kabla.